Misonobari Ambayo Haikuwapo

Mwanangu Konsolata,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko nyuma ya nyumba, mama yako anakusuka nywele, na mnacheka jambo ambalo mnadhani mimi silijui. Kesho jioni utapanda treni ya Morogoro. Habari za chakula, za maji ya kuchemsha, za wavulana na za kulala macho ndani ya behewa, mama yako ameshakuambia tangu wiki iliyopita, na sina la kuongeza hapo.

Nimekaa sebuleni na kalamu kwa sababu kuna jambo sikuwahi kukueleza, na nisipokueleza mimi utalikuta huko. Unakwenda kusomea misitu. Katika walimu wako atakuwamo Dokta Kemilembe, yule mama wa Bukoba aliyekuwa akija hapa Mkolani ulipokuwa mdogo, akikuletea senene kwenye kopo la maziwa. Yeye anajua nilichofanya Ukerewe. Si mtu wa kusema ovyo. Lakini siku atakaposoma majina darasani na kukutana na jina langu nyuma ya lako atanikumbuka, na sitaki akutazame ukabaki kujiuliza ni kwa nini.

Umenijua kama mtu wa kitalu, mzee wa miche na viriba vya kuoteshea. Zamani nilikuwa bwana miti wa kupima. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kukiri. Msitu mkubwa huwezi kuuhesabu mti kwa mti, kwa hiyo unaweka alama kwenye ramani, unatembea na dira mpaka ufike kwenye ile alama, unapiga kigingi na kuvuta kamba kuzunguka. Kila mti ulioingia ndani ya duara unaupima unene, usawa wa kifua chako, na baadhi unaipima urefu. Unaandika na hali yake: umenyooka, umepinda, umevunjika, umekufa. Duara moja tuliliita ploti. Kutokana na ploti hizo unakisia msitu mzima.

Mwaka ulipokuwa darasa la nne tulipewa kazi ya kupima shamba la misonobari la Nyamilanda, magharibi kidogo ya mji wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Mambo yalikuwa yanaanza kufunguliwa wakati huo. Watu binafsi walikuwa wanaomba kuweka mashine za kupasua mbao, na wakubwa walitaka kujua msitu una nini kabla ya kutoa vibali. Ndipo Dokta Kemilembe alipoletwa ofisini kwetu na kompyuta moja, ya kwanza mimi kuiona kwa karibu, ambayo kila jioni aliifunika kitambaa kama cherehani. Alitaka kuipa orodha ya miti, mmoja mmoja, nayo imwonyeshe msitu utakuwaje baada ya miaka mitano au ishirini, ukikatwa hivi au ukiachwa vile.

Ploti zilikuwa sitini. Tulitumwa wawili, mimi na mwenzangu Lubango. Tulilala Nansio kwenye nyumba ya wageni, lakini mchana tulishinda kwa mzee Magesa, mlinzi wa msitu ule. Magesa alikaa na mke na watoto kwenye nyumba ya serikali ya vyumba viwili, kando kabisa ya misonobari. Alikuwa kibarua wa kupanda msitu ule mwanzo kabisa, halafu akapewa kuulinda. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na sato kila siku tuliyopita pale, na hakukubali tumshukuru.

Tulipofikisha ploti arobaini na tisa, Lubango alishikwa na malaria. Nilimbeba kwenye baiskeli ya Magesa mpaka hospitali ya Nansio na nikakaa naye hadi alipoanza kunywa uji. Ikawa Ijumaa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumatano bila kupumzika. Ploti kumi na moja zilizobaki zote zilikuwa juu mlimani, na peke yangu, kwa mvua ile, zingenichukua wiki nzima. Meli ya Mwanza ilikuwa inaondoka Jumamosi asubuhi. Na Jumapili ilikuwa siku yako ya komunyo ya kwanza.

Saa nane mchana nilifunga mlango wa chumba changu, nikaketi kitandani, nikaweka fomu kumi na moja juu ya begi, nikaanza kuzijaza.

Nilijiambia kwamba msitu ninaujua. Misonobari yote ilipandwa mwaka mmoja, kwa nafasi moja, na nimeshapima ploti arobaini na tisa. Kipya kingetoka wapi? Nikaandika sentimita ishirini na nne. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Kalamu ilikuwa inateleza. Kabla ya saa kumi nilikuwa nimeotesha miti zaidi ya mia tatu kwenye kitanda cha nyumba ya wageni. Katika ploti moja niliandika kwamba mti mmoja umepinda. Nakumbuka nilivyoufikiria mti ule, nikauchagulia unene, nikauchagulia mahali. Niliuweka ili mingine iaminike. Kwa sababu ya mti ule mmoja siwezi kukuambia kwamba nilipitiwa au kwamba nilichoka tu. Nilijua ninachofanya.

Jumapili nilikuwa kanisani. Picha ya ukutani unaijua, wewe na gauni jeupe na mimi nimekushika bega. Nilitaka sana kuwapo, na nilifurahi, na hata leo siwezi kujuta kwamba nilikuwapo. Usije ukadhani kwamba nilighushi kwa ajili yako. Ningeweza kumwambia mkuu wangu kwamba ploti kumi na moja hazikupimwa, nikaja kanisani vilevile, nikarudi kisiwani Jumatatu. Njia ilikuwapo, na ilikuwa nyepesi. Nilichokikwepa ni aibu ya kurudi na fomu tupu, mimi niliyesifiwa kwa kumaliza kazi kabla ya wengine.

Fomu zilipokelewa. Dokta Kemilembe alikuwa Morogoro wakati huo, kwa hiyo karani aliziingiza zote kwenye kompyuta, orodha ikachapwa, nami nikasifiwa tena.

Baada ya miezi miwili walikuja wakaguzi. Walichagua ploti chache kwa bahati nasibu, wakazifuata Nyamilanda wakiwa na orodha mkononi. Mbili kati ya hizo zilikuwa katika zile kumi na moja zangu. Katika ploti moja karatasi ilisema misonobari thelathini na mmoja. Wao walikuta tisa, na uwanda wa nyasi.

Unaelewa walichofikiri. Kama miti ilikuwapo miezi miwili iliyopita na leo haipo, kuna mtu aliyeikata. Visiki havikuonekana, wakasema vimeng'olewa na mashimo yakafukiwa. Na nani anayelala pale kila siku, nani angeweza kufumba macho wapasuaji wakipita na magogo? Magesa alisimamishwa kazi, akaambiwa aondoke kwenye nyumba ya serikali na familia yake, akaitwa Mwanza kujieleza.

Nilikuwamo kwenye kile chumba. Tulikuwa watu saba. Magesa aliketi karibu na mlango, kofia yake ya kazi amekwishanyang'anywa, mikono juu ya magoti. Alieleza kwa utaratibu kwamba pale penye nyasi hapajawahi kuwa na miti. Chini ya nyasi zile ni mwamba, alisema, udongo wake hautoshi hata kufunika kiganja, na miche iliyopandwa pale ilikufa mwaka wa kwanza, yeye mwenyewe akiwa kibarua. Mkuu wetu alimsikiliza, kisha akanigeukia akaniuliza kama nilipopima miti ile ilikuwapo.

"Ilikuwapo," nikasema.

Nimeyapima makosa yangu mara nyingi, mama, na nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu mzazi. Kujaza zile fomu ni kosa, lakini lilifanyika chumbani, na lingeweza kufutwa kwa raba. Neno lile moja nililisema mbele ya mtu ambaye nilikula kwake. Aliniangalia. Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona. Alikuwa kama anayesubiri niendelee, kana kwamba nimekatiza sentensi na maelezo yanakuja. Sikuendelea. Mkutano ukafungwa.

Wiki sita nilinyamaza. Nyumbani niliwaambia nina vidonda vya tumbo, na baada ya muda nikawa navyo kweli. Wewe ulikuwa unanichorea picha za samaki ili nipone. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, na kila asubuhi nilipofika ofisini nilijipa sababu mpya: labda watakosa ushahidi wamrudishe wenyewe, labda mkuu amesafiri, labda nikifukuzwa kazi wewe na mama yako mtakula nini. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Ndiyo maana zilinifaa muda wote ule.

Siku moja Dokta Kemilembe, ambaye alikuwa amerudi, aliniita kwenye chumba cha kompyuta. Alikuwa ametandaza mezani yale makaratasi marefu yenye matobo pembeni. Hakujua lolote kuhusu Magesa, maana mambo ya nidhamu hayakumhusu. Alikuwa na shida ya kazi yake tu. Aliniambia kwamba katika ploti zangu arobaini na tisa kuna miti iliyokufa, kuna miti myembamba iliyobanwa na mingine, kuna vilele vilivyovunjwa na upepo wa ziwa. Katika kumi na moja za mwisho hakuna mti hata mmoja uliokufa. Yote ni minene ya wastani, yote mirefu ya wastani, na mmoja umepinda.

Alisogeza kiti chake karibu, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili.

"Baba Konsolata, miti hii uliiona?"

Nikasema sikuiona. Halafu nikamweleza yote, mpaka habari za Magesa, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Aliyakunja yale makaratasi marefu taratibu. Mwishowe aliniambia kwamba hatakwenda kwa mkuu kunishtaki, kwa sababu anaamini nitakwenda mwenyewe, na kwamba angependa iwe leo.

Nilikwenda siku ileile. Sitakusimulia niliyoambiwa na mkuu. Nilistahili, na mengine nimeyasahau. Barua ya kumrudisha Magesa kazini ilichapwa mchana uleule, na niliomba niipeleke mimi. Mkuu alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, lakini akanipa.

Nilimkuta Magesa kwa kaka yake, nje kidogo ya Nansio, anamenya muhogo na watoto. Walikuwa wamehamia wote katika chumba kimoja. Mkewe aliponiona aliingia ndani. Nilimwamkia Magesa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nilimwambia bila kuzungusha kwamba zile ploti sikwenda kuzipima, nilizijaza nikiwa kitandani Nansio, na kwamba nilisema uongo mbele yake. Nikampa barua. Hakuifungua. Aliendelea kumenya ule muhogo mpaka ukaisha, akauweka kwenye beseni, akafuta kisu.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Mimi nilipita pale kila siku. Ungeniuliza, ningekuambia pale ni mwamba."

Nilikuja nimejiandaa kutukanwa. Nilijiandaa hata kupigwa. Kwa maneno yale sikuwa nimejiandaa. Alikuwa sahihi kabisa: siku ile ya Ijumaa, mtu anayeujua msitu ule kuliko kompyuta na kuliko mimi alikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwangu, na alikuwa ananisubiri nimrudishie baiskeli yake.

Ofisi iliagiza ploti zile zipimwe upya. Lubango alikuwa amehamishiwa Geita, kwa hiyo nilihitaji mtu wa kushika kamba. Magesa alisema atashika yeye. Alisema anataka aone kila namba inavyoandikwa, ili safari hii pasiwe na neno. Tulipima siku nne. Siku mbili za mwanzo hakuzungumza isipokuwa kutaja unene wa mti, nami nikirudia na kuandika. Siku ya tatu tulifika kwenye bonde moja ambalo sikuwa nimewahi kuliona, na pale misonobari ilikuwa minene ajabu, kumbe kuna chemchemi chini. Katika fomu yangu ya uongo nilikuwa nimeipa ploti ile miti ya kawaida. Magesa alikumbatia mti mmoja, mikono yake haikukutana. Akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakileta miche pale kwa vikapu, kichwani, na jinsi mwenzake alivyokanyaga nyoka akaruka na kikapu chote kikamwagika. Alicheka. Nami nikacheka, kwa woga kidogo.

Mkewe hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe. Tangu waliporudi nyumbani kwao hunikaribisha chai, hunipa machungwa ya kukuletea wewe, na mazungumzo yake na mimi huishia hapo. Sijamdai zaidi ya hayo.

Mimi nilipewa onyo kali la maandishi na kuondolewa kazi za msituni kwa muda. Nilipangiwa kuwa chini ya Dokta Kemilembe, nimsaidie kusoma makaratasi. Nilidhani ni adhabu. Kumbe, mwanangu, ikawa miaka niliyojifunza mengi kuliko yote.

Kulikuwa na misitu midogo mingi kwenye mwambao huu wa ziwa, ya halmashauri, ya misheni, ya vijiji, ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuipima mti kwa mti. Tulichokuwa nacho ni taarifa chache: ekari moja ina kama miti mingapi, unene wa wastani ni kiasi gani, mti mrefu kuliko yote una mita ngapi. Lakini ile hesabu yake ya kukuza msitu ilitaka orodha kamili, mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa hiyo Dokta alikuwa anaifanya kompyuta itunge miti. Ndiyo, itunge. Aliipa yale machache tuliyokuwa nayo, akaipa na yale tuliyojifunza Nyamilanda, yaani minene iwe michache kiasi gani, myembamba iwe mingi kiasi gani, urefu uendane vipi na unene, mingapi iwe imekufa, kisha ikatoa orodha ya miti ambayo haipo popote duniani.

Mara ya kwanza nilipoiona ile orodha inatoka kwenye mashine nilisogeza kiti nyuma. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sana, kuna tofauti gani kati ya anachokifanya na nilichokifanya mimi.

Hakukasirika. Alinionyesha ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa kwamba miti hii ni ya kubuni, na chini yake palieleza ni taarifa zipi zilizotumika, zimetoka msitu gani, na wapi hana uhakika.

"Mtu yeyote akiniuliza niliipata wapi, nitamwonyesha," alisema. "Wewe ungemwonyesha nani nini?"

Basi nikaanza kumsaidia kubuni. Orodha zake za mwanzo zilikuwa nzuri mno, miti imesimama kama gwaride. Nilimwambia msitu hauko hivyo. Mti mkubwa huinyima jua iliyo karibu nao, kwa hiyo ukiweka mnene hapa, mingine ya jirani ifanye myembamba. Miwili ikisongamana sana, mmoja ufe. Mti ulionyimwa nafasi huwa mrefu na mwembamba, na uliosimama peke yake pembeni huwa mfupi na mnene. Na mahali pengine, nikamwambia, acha pengo tu, pasiwe na kitu, kwa sababu chini ni mwamba. Aliandika yote. Nilikuwa namsomea orodha kwa sauti, mti kwa mti, naye alinisikiliza huku amefumba macho, na nilipofika pasipowezekana sote tulisita kwa pamoja. Baadaye tulichukua msitu mmoja wa misheni tuliokuwa tumeubuni, tukaenda kuupima kweli, Magesa akiwa mshika kamba. Haukufanana mti kwa mti, na haikutarajiwa. Lakini kwa ujumla wake, minene kwa myembamba, mizima kwa iliyokufa, tulikuwa karibu sana. Nilirudi nyumbani siku ile naimba, na mama yako akauliza nimekunywa nini.

Ndipo siku moja, tukiwa tunakunywa chai, nilipotambua jambo ambalo mpaka leo linanifanya nitikise kichwa. Nilimuuliza Dokta, je, siku ile ya Nansio ningeacha zile fomu kumi na moja tupu, nikaandika tu kwamba sikufika, angefanya nini? Akashangaa swali lenyewe. Alisema angebuni zile kumi na moja kutokana na arobaini na tisa zilizopimwa, angeandika kwamba zimebuniwa, na kazi ingeendelea. Asubuhi moja ingetosha. Pengo langu lilikuwa na dawa tangu mwanzo, na hakuna mkaguzi ambaye angeitafuta miti iliyoandikwa juu yake kwamba haipo.

Sikuandikii haya ili uniahidi kwamba hutakosea. Mvua itakukuta juu ya mlima, mwenzako ataugua, na kutakuwa na jambo nyumbani unalolipenda ambalo hungependa likupite. Ninalolijua kutokana na maisha yangu ni dogo. Nafasi tupu kwenye karatasi nilikuwa naiogopa kama ugonjwa, na haikuwa na sumu yoyote. Na ukishaandika usichokiona, yuko mtu mahali fulani ambaye humfikirii, na karatasi yako inaweza kumfikia kabla hujaifuta. Ikitokea umefanya hivyo, usihesabu wiki kama mimi. Nenda siku hiyohiyo. Na wakati wowote ukiwa kazini katika msitu wa watu, mtafute anayeishi kando yake, umuulize.

Miaka ilipita, upunguzaji wa wafanyakazi ukaja, jina langu likawamo. Watu walinionea huruma, lakini mimi nilikuwa tayari. Nilianza kitalu hiki nyuma ya nyumba na miche ya mikaratusi mia mbili, na leo hakuna shule huku Mkolani mpaka Nyegezi ambayo haina mti uliotoka mikononi mwangu. Naamka asubuhi, namwagilia, nahesabu kilichoota na kilichokufa, na vyote naviandika. Mzee Magesa amestaafu. Krismasi iliyopita, alipokuja na gunia lake la machungwa, alikuuliza mbele yangu utasomea nini, ukamwambia misitu. Hukuona alivyonitazama, kwa sababu ulikuwa umeinama unachagua chungwa. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika na bei. Nilitoka nje nikajifanya nakagua bomba.

Nimeishi vizuri, Konsolata. Nisingependa uondoke ukidhani baba yako amebeba mzigo maisha yake yote. Niliutua, nikaendelea kutembea, na nyinyi wawili mlikuwa mnacheka nyumbani kila niliporudi.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Lakini umemaliza kusukwa, umekwenda kuoga, na mama yako ameingia akanikuta naikunja karatasi. Sikutaka kumficha, nikampa aisome. Habari za Magesa alizijua siku zote. Kwamba zile fomu nilizijaza siku mbili kabla ya komunyo sikuwahi kumwambia. Alisoma amesimama, kisha akaketi, akarudia ukurasa mmoja. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema hapana. Akasema kwamba Jumamosi ile nilipotoka kwenye meli alinivua viatu mwenyewe, vilikuwa vikavu na safi, na ilikuwa wiki ya mvua, na mimi nilikuwa nasema nimetoka mlimani. Alijua kwamba kuna kitu, hakuuliza, kwa sababu sherehe ilikuwa kesho yake na alinitaka nyumbani kama ulivyonitaka wewe.

Amenirudishia karatasi na kuniambia niongeze kwamba na yeye alinyamaza. Naongeza kama alivyoniagiza.

Tunakupenda, na tuna furaha kwamba unakwenda.

Ni mimi baba yako,
na mama yako pembeni yangu.